Shemeji Alificha Nailoni Kwenye Fremu Yangu ya Mifuko ya Karatasi

Admin, jina langu usiliweke, na mtakaonitambua mninyamazie, maana huku Buzuruga tunajuana. Nina miaka thelathini na sita, ni Mhaya, nimeolewa na mtu wa Magu na tuna watoto wawili. Naandika nikiwa na hasira. Machozi yalishaisha.

Kazi yangu ni kutengeneza mifuko ya karatasi. Serikali ilipopiga marufuku ile ya nailoni, nilikuwa nauza maandazi pale stendi, nikaona wenzangu wanahangaika wafungie wateja kwa kitu gani. Nikaanza na karatasi za kaki na gundi niliyopika mwenyewe kwa unga wa muhogo, nakunja nimekaa sakafuni nyumbani. Mungu akanifungulia. Nikapanga fremu ya biashara, mkataba kwa jina langu, nikachukua kina mama wawili wa kunisaidia. Wauza karanga, wauza mchele, wenye vibanda vya chipsi, wote wakawa wanachukua kwangu.

Aliyeumia wakati huo ni kaka wa mume wangu, shemeji yangu mkubwa. Duka lake lote lilikuwa la nailoni za jumla. Akafunga, akakaa nyumbani, na sisi tukamsaidia kwa tulichokuwa nacho. Sikumcheka hata siku moja. Ndiye aliyemsomesha mume wangu baada ya baba yao kufariki, na hilo naliheshimu mpaka leo. Baadaye akafungua tena, anauza ndoo na mabeseni.

Halafu ile nailoni nyembamba ikarudi kimya kimya. Mwanzoni ilikaa chini ya meza, mwisho ikapanda juu ya meza. Wauza samaki ndio walionikimbia kwanza, na sikuwalaumu. Sato mbichi ukimtia kwenye karatasi, mteja hafiki naye nyumbani. Mama mmoja alinirudishia mfuko uliochanika, akasema nimemwaibisha mbele za watu. Nikakubali, nikabaki na vitu vikavu. Lakini hata wa vitu vikavu wakaanza kupungua, kwa sababu nailoni ni rahisi na mteja anaona kilichomo. Nikaja kusikia kwamba anayewaletea ni shemeji, nyuma ya mabeseni yake.

Sikugombana naye. Nilikaza buti tu, nikatengeneza mifuko mizito yenye mikono, nikawa naipeleka mwenyewe mpaka Usagara kwa wenye maduka. Ikaanza kwenda.

Asubuhi moja niliwahi kazini kabla ya wenzangu. Nikavuta bunda la kaki lililoegemea ukuta, na nyuma yake nikakuta marobota ya nailoni yamepangwa mpaka usawa wa dirisha, yamefunikwa kwa karatasi zangu. Zaidi yangu, ufunguo wa pale alikuwa nao mume wangu tu.

Nikampigia mume wangu. Hakukana. Alisema kaka yake alisikia kuna msako wa nailoni unakuja, akaomba mahali pa kuweka mzigo, naye akampa ufunguo wa akiba.

"Nani atakagua kwa mtu wa karatasi?" akaniambia, kama anayenieleza jambo la akili.

Nikamuuliza, wakikagua, atakayekamatwa ni nani? Akasema kaka yake hawezi kufilisika mara ya pili. Ndugu zangu, jibu hilo liliniuma kuliko mzigo wenyewe. Fremu ina jina langu, leseni ina jina langu. Ina maana alishalifikiria hilo, akaona afadhali niende mimi kuliko kaka yake.

Nikaita mkokoteni. Mchana kweupe nikapakia marobota yote, nikatembea nyuma yake mpaka dukani kwa shemeji, nikayashusha mlangoni wateja wanaangalia. Nikamwamkia kama siku zote. Kisha nikamwambia, "Shemeji, mzigo wako huu. Kwangu panakaa karatasi tu." Nikageuka nikaondoka. Sikutukana mtu.

Hakukamatwa, aliwahi kuuingiza ndani. Ila watu waliona, na Jumapili tukaitwa Magu kwa mama mkwe. Nikapiga magoti nikampa shikamoo yake, akaitikia kwa shida. Alisema nimemvua nguo mwanawe mkubwa barabarani. Shemeji akasema nina roho ya ushindani, kwamba tangu biashara yake ianguke nimekuwa nikifurahi. Wakanitaka niombe radhi. Hapo nikasimama.

"Mama," nikamwambia, "wangenifunga mimi. Wajukuu zako wangelelewa na nani?"

Akarudia palepale, niombe radhi. Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Tangu siku ile hajalala nyumbani, yuko kwa kaka yake. Ametuma ujumbe kwamba atarudi nikishamwomba shemeji radhi palepale dukani, mbele ya watu, na nikishampa ufunguo wa kufuli jipya nililoweka. Shemeji naye anapita stendi akiwaambia wauzaji wasinunue kwangu. Wengine wametii. Mmoja wa wale kina mama ameacha kazi, anasema hawezi ugomvi wa ukoo wa watu, na simlaumu. Tuliobaki tunakunja. Wateja wa Usagara bado wanachukua, na watoto wangu hawajalala njaa.

Msije mkadhani nina moyo wa jiwe. Nampenda mume wangu. Watoto wanamuulizia, mdogo hasa, nami nawaambia baba yuko kazini.

Lakini radhi siombi na ufunguo sitoi. Kwa hayo mawili msijichoshe kunishauri, nimeshaamua. Ninachowauliza ni kimoja. Mwanaume aliyekuwa tayari nifungwe kwa ajili ya kaka yake, na mpaka leo hajaniambia hata pole, akija kubisha hodi bila masharti, nimfungulie? Au ndiyo nimeshamjua, na nisijidanganye tena? Mliowahi kupita hapa, nishaurini, nifanye nini?