Kaka aliyetungwa kwa ajili ya safari ya Denmark, na siku tuliyokwenda kuagwa Kirua

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Huwa napita humu nasoma visa vya watu kimya kimya naondoka. Leo nina cha kwangu. Najua wa kwanza kucomment ataandika "chai", yaani uongo. Sawa, kunywa, ila soma mpaka mwisho. Sijaongeza chumvi hata chembe. Kisa chenyewe kinahusu kuongeza chumvi, kwa hiyo nimekoma.

Mimi nauza spea za pikipiki hapa Pasua, Moshi. Kanisani kwetu ni katibu wa vijana. Usharika wetu una urafiki na kanisa moja Denmark, na ilifika zamu ya vijana wetu kwenda kule kwenye misheni: kuimba, kutembelea wazee na kutoa ushuhuda makanisani.

Kiingereza changu hakijanyooka ila hakiogopi watu, basi nikapewa ukalimani.

Maandalizi yake acheni tu. Jumamosi mchana kutwa tuko ukumbini. Tulifundishwa kula kwa uma na kisu (mtori kwa kijiko sawa, ila ndizi nyama kwa uma jaribuni muone), kufika kabla ya muda, na kutomuuliza mwenyeji kwa nini hana watoto. Aliyetufundisha ni Dada Joyce, mratibu wa safari, mkali lakini ana roho nzuri. Yeye kule alishafika.

Somo lililotutesa ni ushuhuda. Kila kijana aseme Mungu amemtendea nini.

Sasa kulikuwa na binti anaitwa Elinansia, sisi tunamwita Nansia. Kwao ni Kirua Vunjo, mjini anakaa kwa shangazi yake anasoma chuo. Bila sauti yake kwaya yetu ni kelele tu, nasema ukweli.

Nansia ni mtoto pekee, na mama yake ni mjane. Mama alikuwa amegoma kabisa binti asiende. Wachungaji na shangazi walimbembeleza sana ndipo akakubali kwa sharti moja: Nansia aletwe kwanza kanisani Kirua, aombewe, na yeye mama amwachilie kwa mdomo wake. Asipomwachilia, haendi. Visa imetoka, tiketi imekatwa, yeye hajali.

Kwa hiyo safari yote ya yule binti ilikuwa mdomoni kwa mama.

Tatizo la Nansia, hakuwa na ushuhuda. Hajawahi kuugua sana, hajawahi kulewa, hata kufeli hajawahi. Alisimama mbele akasema anamshukuru Mungu kwa uzima, akakaa. Tulicheka kweli.

Dada Joyce akamwambia wale watu watatupokea majumbani mwao, awape kitu cha kuwagusa. Kama hana, atafute hata cha mfano.

Jumamosi iliyofuata Nansia akaja na kaka.

Akasimulia alikuwa na kaka mkubwa, Aminieli, aliyetumbukia kwenye mfongo akafa, na tangu hapo Mungu amekuwa kaka yake. Kwa msio wa huku, mfongo ni mfereji uliochimbwa na mababu, unateremsha maji ya mlimani na kuyapitisha kwenye mashamba ya nyumba hadi nyumba, na kila familia ina zamu yake ya maji. Ukumbini wengine walilia.

Baadaye akatunong'oneza mimi na Dada Joyce kwamba ametunga, na jina kachukua la babu yake. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Dada Joyce akasema haina shida, ila hiyo iwe ya Denmark tu, Kirua asiithubutu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Kila tukifanya mazoezi, hadithi inaongezeka. Mkalimani anafuata neno kwa neno, kwa hiyo niliona mapema. Mara Aminieli alitumwa kufungulia maji, ilikuwa zamu ya kwao. Nikasema sawa, anakoleza. Mara alikuwa amevaa buti za baba yake zinazompwaya, na moja ikabaki kwenye matope.

Nikamvuta pembeni nikamlalamikia, mambo ya buti mbona hujanidokeza, nitatafsirije vitu vya kushtukizwa?

Akanitazama. "Buti gani?"

Nikajua ananitania. Lakini wakuu, Nansia sio mtu wa utani.

Zoezi la mwisho alinyamaza katikati ya sentensi. Akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Halafu akasema, sauti ile ile ya kawaida, "Alikuwa anaimba." Akaendelea na maneno mengine.

Nilipomuuliza, hakukumbuka kusema hivyo.

Ilikuwa mchana kweupe, jua la Moshi mnalijua, na mimi vinyweleo vimenisimama. Nikamwomba Dada Joyce tuachane na hii hadithi. Akanijibu nimechoka, nikapumzike.

Jumapili tukapanda Kirua. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, hatuoni mlima wala hatuoni bonde. Kanisa lilijaa. Mama yake Nansia alikaa benchi la mbele amejitanda kitenge, amenyooka, hatabasamu na mtu.

Mpango wetu ulikuwa Nansia ashukuru kwa kifupi, aombewe, tushuke. Kumbe mchungaji wa pale, ambaye hakuwa na muda mrefu tangu ahamie, ana mpango wake. Akatangaza kwamba mtoto wa nyumbani atawapa ushuhuda ule ule anaokwenda nao Ulaya.

Nikamtikisia Nansia kichwa. Akanijibu kwa macho kwamba ameelewa.

Lakini aliposhika kipaza sauti, akasimulia yote. Zamu ya maji, buti, matope, jina. Na kuimba.

Mimi hapo najiandaa kwa aibu. Watu wote wale wanamjua mama yule na mtoto wake mmoja. Nikawa nasubiri minong'ono, nasubiri mzee asimame aseme binti anadanganya mbele ya madhabahu.

Hakuna aliyenong'ona.

Akina mama watu wazima walishika vinywa. Mzee niliyekaa naye alivua kofia yake, akawa anaitazama. Vijana wa pale walikuwa wanashangaa kama sisi, lakini wakubwa wote walikuwa wanatazama chini.

Niliogopa, wakuu, sifichi. Uongo umesemwa mbele ya watu wanaojua ukweli, na hakuna hata mmoja aliyeuona kuwa ni uongo.

Mama akainuka akatoka nje. Hakulia.

Tulimkuta nyumbani, nyuma ya nyumba, amesimama kwenye masale, yale majani ambayo Wachagga tunapanda kwenye mipaka na kwenye makaburi. Nansia alicheza pale utoto wake wote akijua ni mpaka.

Nikatoa shikamoo, haikuitikiwa. Macho ya mama yalikuwa kwa mwanawe tu. Akamuuliza nani amemwambia. Nansia akaanza kulia, akasema hakuna, ametunga, asamehewe, na jina kachukua la babu.

Mama akasema hata yeye alilichukua kwa babu huyo huyo.

Aminieli alikuwa mtoto wake wa kwanza, amekufa Nansia hajazaliwa. Zamu yao ya maji ilifika wakati yeye anakoboa kahawa kwa mashine ya mkono, akamtuma mtoto akafungulie. Ile mashine ina kelele mbaya. Alipoiacha ndipo akagundua maji hayaji.

Buti ni kweli. Moja ilikutwa kwenye matope.

Mama alikaribia kuharibikiwa akili, basi ukoo ukakaa ukakubaliana lile jina lisitajwe tena, na majirani wakaliheshimu hilo. Hata yeye mwenyewe, aliyekuwa Mama Aminieli, wakamgeuza Mama Nansia.

Halafu akamshika binti mabega.

"Umesema alikuwa anaimba. Wimbo gani?"

"Sijui, mama."

"Miaka yote hii namsikia ananiita, na mashine inapiga kelele. Niambie wimbo gani."

Nansia akafumba macho. Akaanza kuimba bila maneno, mdomo umefungwa. Haukuwa wa kanisani, nyimbo zetu nazijua. Kalikuwa kawimbo kafupi ka mtoto mdogo, kanapanda kidogo, kanashuka, kanapanda tena. Kakakatika katikati. Akafumbua macho akasema kanaishia hapo.

Mama akakamalizia. Yeye na maneno yake, Kichagga.

Alikatunga mwenyewe, akimlisha Aminieli uji. Anaapa tangu amzike hajawahi kukaimba tena, hata kumbembeleza Nansia. Alipomaliza akakaa chini kwenye majani makavu ya migomba.

"Basi hakuniita," akasema.

Baadaye akaweka mkono kichwani kwa Nansia, akamwambia aende na arudi. Tukiwa tunatoka, bibi mmoja jirani alikuwa amesimama njiani. Akamsalimia Mama Aminieli kwa jina hilo, na akaitikiwa.

Denmark tulikwenda. Nansia alisimama akasema anamshukuru Mungu kwa uzima, akaimba, akakaa. Kazi yangu yote ya ukalimani ikawa sentensi moja, na watu walilia vile vile.

Nilichojifunza? Viongozi wa vijana, mtoto akisema hana ushuhuda, mwacheni hivyo hivyo. Na nyie wazazi mnaoficha marehemu mkidhani mnawalinda waliobaki, semeni tu. Msiposema, marehemu watasema wenyewe.

Shangazi yake anadai pengine mama alikuwa anakaimba kale kawimbo usingizini na mtoto akakanasa. Inawezekana. Namwachia hilo, ila la buti hajanijibu.

Nansia siku hizi hakakumbuki kabisa. Mimi ndiyo kamenikaa. Nafunga mzigo wa mteja hapa dukani najikuta nakaimba, na kila mara kananikatikia pale pale. Kile kipande cha mama nimejaribu kukikumbuka, hakiji.

Wenye maelezo njooni. Na wa chai nao njooni, kama mnaweza kuniambia mbona kanakatikia pale.