Jumamosi za Mama Mutuku

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipomfuata mke wangu kama askari kanzu. Usicheke. Buruburu ilikuwa bado inajengwa, nasi tulikaa mtaa wa jirani wa Jericho, Nairobi, vyumba viwili, watoto wanne. Nilikuwa dereva wa lori la unga. Nikirudi jioni kichwa kinanguruma kuliko injini, na hasira zote za barabarani nazimwaga mezani. Mama Mutuku alizipokea kimya, akaniwekea chai.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alijitanda leso akaniaga, ati anakwenda mkutano wa akina mama kanisani. Alirudi saa kumi uso umetulia, anaimba kidogo kidogo. Nilifurahi, mpaka mwenyekiti wao aliponisimamisha njiani akauliza, "Baba Mutuku, mbona mama hatumwoni mikutanoni siku hizi?"

Mwanangu, wivu haubishi hodi. Nilianza kunusa leso zake. Kila mwanamume aliyemsalimia nilimkagua kuanzia viatu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, kumbe sikujua nguo ni yangu.

Jumamosi iliyofuata nikamwandama. Alinunua hindi la kuchoma kando ya barabara, akaenda mpaka kule nyumba mpya zilikokuwa zinajengwa. Mafundi walikuwa wameshakwenda zao. Nikajibanza nyuma ya ukuta, spana mkononi. Aliketi juu ya mawe ya kujengea, akavua viatu. Nikamngoja huyo mwanamume. Hakuja. Mke wangu alikula hindi lake punje kwa punje, akitazama mawingu. Nyumbani hindi kama hilo tulilikata vipande, na yeye akabaki na gunzi.

Ungedhani nilishukuru Mungu. Wapi! Wivu ulizidi. Ningemkuta na mtu ningejua la kufanya. Lakini alikuwa na raha bila mimi, na mimi sikukumbuka lini niliwahi kuketi hivyo. Nikajitokeza nikamfokea mbele ya wapita njia, kwamba ni mwongo, kwamba amewaacha watoto aje kula kwa uchoyo. Hindi likamwanguka.

"Ningekuambia ukweli," akasema, "ungeniruhusu?"

Nikampiga marufuku asitoke tena nyumbani siku za Jumamosi.

Hasira hasara. Mwezi haukuisha, nyumba ikawa si nyumba. Nyimbo ziliisha. Alimzaba mtoto kofi kwa kumwaga maji, kisha akalia kuliko mtoto mwenyewe. Siku moja nikamkuta anakunja nguo zake. Anakwenda kwao Machakos, akasema, na hajui atarudi lini.

Nikakimbilia kwa jirani yetu Mzee Kilonzo, mchonga vinyago, mtu wa kwetu, nikitumaini atanitetea. Alinisikiliza huku anapiga msasa twiga wa mti.

"Mke wako amekuibia nini?"

"Saa mbili nzima kila Jumamosi, mzee."

"Saa za nani?"

Akaweka twiga chini. "Hakuna mwanamume mwingine hapa, kijana. Unamwonea wivu kwa kuwa anajua kupumua, nawe umesahau. Katafute pumzi yako, umwachie yake."

Nilirudi nikamwomba msamaha, naye akabaki. Jumamosi nikashinda na watoto. Jumapili jioni nami nikaanza kutembea peke yangu kuelekea Mowlem, bila shughuli yoyote. Siku ya kwanza nilijiona mwendawazimu. Baada ya wiki chache, watoto waliacha kunyamaza wakisikia viatu vyangu mlangoni.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mama Mutuku aliendelea na matembezi yake mpaka Mungu alipomchukua, na kila alipofika kwenye kona nilimwona toka mlangoni akigeuka kutazama kama niko nyuma yake. Miaka yote hiyo. Sikumfuata tena hata mara moja, na hakuacha kugeuka.

Basi sikia, mwanangu. Kazi haiishi, utaisha wewe. Jitengee saa yako, hata iwe ya hindi moja, na uitaje wazi, usiifiche kwa jina la mkutano. Na ukimwona mwenzako ametulia, usimwulize utulivu ameutoa kwa nani. Mbebe mtoto, osha vyombo, mwache apumzike. Ukichomwa na wivu, jiulize kwanza wewe ulipumzika lini.

Nenda salama. Mungu akujalie pumzi ndefu, na akupe mwenzi atakayekuaga mlangoni, nawe uende zako bila kugeuka nyuma.