Bei Isemwe kwa Mdomo

Baba alipofariki, mama alibaki na ng'ombe wachache huko Burat, na mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa akituuzia sokoni Isiolo. Alikuwa dalali wa miaka mingi. Mama kuuza maziwa hakukuwa na neno, lakini kuuza fahali kulikuwa shughuli ya wanaume, na namna yenyewe ya kupatana ilimfungia nje. Mjomba na mnunuzi walishikana mikono, wakaifunika kwa shuka, kisha vidole vikazungumza. Walitazamana usoni kimya, na bei wakaijua wao wawili tu. Mama asingeweza kutia mkono chini ya shuka na mwanamume wa nje. Alisimama kando ya ua, akapokea alicholetewa.

Serikali ya kaunti ilipoanza kazi, mizani ya mifugo ikawekwa pale sokoni. Madalali walisema ng'ombe si sukari, hapimwi. Kwa muda mrefu mizani ile ilikaa tu, mbuzi wakijikuna kwenye vyuma vyake.

Kisha ukaja ukame. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuoni, na mama akaamua tumuuze fahali mwekundu kabla hajakonda. Tulipofika naye sokoni, mjomba alikuwa tayari na mnunuzi, mwenye bucha kutoka Meru. Akakunjua shuka begani.

"Salaam aleikum, ndugu yangu," mama akamwambia. "Leo shuka ikae. Bei isemwe kwa mdomo."

Mjomba akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Dada, unaniaibisha mbele ya watu."

"Sikuaibishi. Nataka kusikia. Na kwanza apimwe."

Watu wakaanza kusogea. Nilitamani ardhi inimeze, maana hakuna mtu pale aliyewahi kumsikia mama akipaza sauti. Fahali naye alikataa kabisa kuingia kwenye mizani, mpaka mchungaji mmoja kutoka Kipsing, ambaye hatukumjua, akamshika mkia na kumsukuma kwa bega. Karani akasoma uzito kwa sauti. Mwenye bucha akapiga hesabu kwa simu yake, akakohoa.

"Habari, mama," akasema, kama ndiyo kwanza amuone. Kisha akataja bei.

Ilizidi sana ile tuliyokuwa tukiletewa, ingawa ng'ombe wote nchini walikuwa wameshuka thamani. Nilimtazama mjomba. Alikuwa akikunja shuka yake polepole, ikawa ndogo mno, akaikunjua, akaikunja tena.

Nilingoja mama amkaripie. Badala yake alimuuliza, "Na wewe, kazi yako leo ni ngapi? Sema pia."

Mjomba akasema, kwa sauti ya chini. Mama akamlipa palepale, mbele ya wote, wala hakupunguza.

Njiani nilikuwa nimejaa hasira. "Mama, miaka yote hii alikuwa anatuibia."

"Pengine," akasema. "Sijui alichukua ngapi. Ninachojua ni nani alituletea unga baba yako alipokuwa amelazwa. Hayo mawili yote ni yeye. Lakini fahali ni wangu."

Mjomba hakuja kwetu kunywa chai mpaka Ramadhani, wakati wa futari. Alipokuja walizungumzia mvua tu.

Wanawake wengine, hata wa mbali kule Gotu, walianza kudai bei itajwe. Wapo waliotukanwa. Mizani iliharibika mara kwa mara, na siku hizo madalali walirudia shuka zao kwa furaha ya wazi. Na kuna misimu ambayo bei iliyotajwa kwa sauti ilikuwa mbaya hivi kwamba mama alimrudisha ng'ombe nyumbani kwa miguu, kwenye vumbi na jua, akifikiri. Nilipomuonea huruma alinishangaa. Zamani, alisema, hata hiyo nafasi ya kukataa hakuwa nayo.