Bei Mbili za Sola Moja

Katika kanisa letu, mgeni haruhusiwi kusema neno wakati wa matangazo mpaka mzee wa kanisa asimame kando yake. Kusimama huko ndiko kumdhamini. Katika miaka ya tisini nilisimama kando ya muuza sola, na hadi leo najutia kusimama kule.

Alikuja nyumbani kwangu Buruburu Jumamosi moja, koti safi, Biblia kwapani, akaomba tusali kwanza. Kisha akaeleza biashara yake: paneli ya kuweka juu ya bati kule mashambani, betri moja, taa tatu na waya wa redio. Unalipa polepole kwa miaka miwili.

"Na riba, mzee wangu, hakuna. Sisi ni watu wa Mungu. Torati imekataza."

Nilikuwa karani wa bohari, na mafundisho ya dini nilikuwa nimeyasoma miaka mingi. Nilivaa miwani, nikapitia fomu yake ukurasa kwa ukurasa nikitafuta riba. Sikuiona. Nikamshukuru Mungu, nikamrudishia. Bei sikumwuliza mtu mwingine yeyote. Nilikuwa natafuta dhambi, hesabu nikaiacha.

Jumapili nikasimama naye. Wengi wetu tulikuwa na wazazi Ukambani, na kila mmoja aliujua moshi wa koroboi na harufu ya mafuta ya taa. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa mjane mmoja, mshonaji wa nguo huko Komarock. Koroboi ilikuwa imemwangukia mama yake na kumchoma mkono.

"Mama yangu hatashika koroboi tena," aliniambia, akinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilijiona nimetenda jema.

Kisha zikaanza ada. Ada ya fomu. Nauli ya fundi. Betri ilipaswa kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu na fundi wao tu, na kila safari mteja analipia. Usipomwita, betri ikifa ni shauri yako. Yule mjane alipochelewa wiki moja, kwa kuwa wateja wake walikuwa hawajamlipa, aliandikiwa barua. Angetozwa ada ya ukumbusho, na akizidi kuchelewa paneli ingeng'olewa.

Alinijia na barua hiyo. "Mzee, wamenikumbusha nini? Kwani nilisahau?"

Tulikwenda pamoja ofisini kwao, ghorofani karibu na Muthurwa. Tukiwa kwenye foleni, mfanyabiashara aliyekuwa mbele yetu alilipa taslimu, akapewa sola kama ileile ya mjane. Bei aliyotajiwa ilikuwa pungufu kwa karibu theluthi.

"Mbona yake si kama yetu?" nikamwuliza karani wao.

"Huyo amelipa mara moja, mzee."

"Na hii tofauti ni nini?"

Akatabasamu. "Hiyo ni bei ya kulipa polepole. Riba hatutozi kabisa. Si wewe mwenyewe ulitusaidia kuwaeleza waumini?"

Mate yalinijaa kinywani, nikatamani kuyatema palepale sakafuni. Walikuwa wameichukua riba, wakaivisha nguo nyingine, wakanipa mimi niibebe hadi madhabahuni.

Mjane akasogea. "Kaka, riba sijakuuliza. Nimekuuliza bei. Andika kwenye risiti yangu: ya taslimu ni hii, mliyoongeza ni hii."

"Mama, sisi hatuandiki hivyo."

"Sina haraka. Nimekuja na kazi yangu."

Akaketi kwenye benchi, akatoa gauni kwenye kikapu, akaanza kushona pindo. Kila aliyekuja kujiandikisha alimwuliza anangoja nini, naye akamweleza bila kupaza sauti. Wa tatu alipogeuka na kushuka ngazi, karani alivuta kalamu akaandika. Ada ya ukumbusho nayo akaifuta.

Bei yenyewe haikupunguzwa. Nilitaka kumsaidia kulipa, akakataa. "Wewe nenda ukawaambie wenzetu ambao hawajatia sahihi."

Mchungaji alinisihi ningoje kidogo, eti nisiliaibishe kanisa. Mimi si mtu wa haraka, lakini kwa hilo nilikataa. Jumapili nilisimama peke yangu, nikazisoma bei zote mbili kutoka kwenye risiti.

Mzee mmoja akauliza kutoka nyuma, "Na wewe ndugu, walikupa ngapi?"

Watu wakacheka.

"Walinipa tochi," nikasema.

Kicheko kikakoma. Ilikuwa kweli, na nilikuwa nimeipokea kwa shukrani.

Wawili walichana fomu zao pale nje. Mjane alilipa hadi shilingi ya mwisho, miezi yote, kwa sababu mama yake hakuweza tena hata kukunja vidole vya mkono ule ulioungua, sembuse kushika koroboi. Paneli ilibaki juu ya bati.