Niliapa kwa uhai wa mama aliyeniachisha gongo

Admin, jina langu lifiche, maana Musoma tunajuana. Mimi ni baba wa miaka sitini na saba, fundi cherehani, mke wangu alishafariki, nina wajukuu wanne. Naandika kwa kidole kimoja, mkiona makosa mnivumilie. Matusi pia muyaweke kando, nimeshajitukana vya kutosha.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, wa umri wangu mnakumbuka, dukani hapakuwa na kitu. Sabuni foleni, sukari foleni, kitambaa ndiyo usiseme. Sasa fundi bila kitambaa anafanya nini? Nilikuwaga nakaa na cherehani yangu pale Mukendo nabandika kiraka juu ya kiraka, ikifika saa nne asubuhi nimechoka kukaa, naenda kunywa gongo. Nilianza kwa kupoteza muda tu. Mwishowe nikawa siwezi kutunga uzi kwenye sindano mpaka nipate kwanza glasi, mkono utulie. Mke akachukua watoto akarudi kwao Butiama, na sikuwa na la kumlaumu.

Aliyenitoa huko ni mama mmoja, nitamwita Mama Nyabwire. Alikuwa muuza dagaa, ila zamani yeye mwenyewe alipika gongo na kuinywa. Siku moja alianguka motoni kwa ulevi, mtoto wake wa mwisho akiwa mgongoni. Mtoto akapona, mbeleko ikaungua upande mmoja. Tangu hapo hakupika wala kuonja, akaanza kutufuata sisi wateja wake mmoja mmoja. "Niliwaharibu mwenyewe, nitawatengeneza mwenyewe," alisemaga hivyo.

Kila asubuhi kabla ya kazi ulipita kwake kunywa uji wa mtama. Kabla ya uji anakunusa mdomo mbele ya wenzako, mtu mzima na ndevu zako umeachama kama ndama. Ukinuka hakufukuzi, ila uji utaunywea nje umesimama. Tulichekana sana pale. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na huyu nilimwita mama bila kujilazimisha. Nilimpenda yule mama, jamani.

Ukimaliza mwezi mzima bila kuonja, anakutolea ile mbeleko iliyoungua. Jumapili wote tuko kanisani, lakini mtu wa Mara anajua mbeleko ya mama haichezewi. Unaishika kwa mikono miwili unasema, "Nikionja tena, mama asimalize mwaka." Mchungaji alikuja kumkataza. Akamjibu, "Mchungaji, hawa kufa kwao hawakuogopi. Waache waogope kufa kwangu." Nikaapa. Miaka saba sikugusa, na mke akarudi nyumbani.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa, na mitumba ikaja nayo. Nani tena ashonewe suruali wakati ya Ulaya imemwagwa kwenye turubai? Nikabeba cherehani nikaenda mnadani Bunda, angalau nipunguze nguo za watu. Kutwa nzima nilipunguza suruali moja. Fundi wa jirani akanimiminia gongo, nikasema moja tu. Nililala Bunda siku tatu, na nilivyorudi Musoma sitaki hata kueleza.

Asubuhi iliyofuata nilienda kunywa uji kama kawaida, nimetafuna karafuu mpaka ulimi umekufa ganzi. Akaninusa. Akaniangalia machoni, halafu akasema kwa sauti wenzangu wasikie, "Huyu safi. Kaa ndani, baba." Jambo hilo hakuligusa tena, siku ile wala baadaye. Alikuwa anakohoa tangu masika, hilo nalijua na kila mtu alilijua. Lakini mwaka haukuisha, tukamzika. Mimi ndiye niliyeshika msalaba mbele, na watu wakasema yule ndiye mtoto wake kweli, hajawahi kurudi nyuma.

Kuanzia hapo sijaonja tena mpaka leo. Naitwa makanisani nitoe ushuhuda, nasimama, nasema miaka saba bila kuanguka na hii yote iliyofuata. Bunda siitaji.

Sasa kilichonibana ni hiki. Yule mtoto aliyekuwa mgongoni, nitamwita Magesa, ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, na gongo imemmaliza. Alianza kunywa akiwa bado kijana mdogo, mama yake alipokufa. Dada yake, yaani Nyabwire mwenyewe, ameniletea huyu Magesa, anakaa kwangu, nampikia uji na kumnusa mwenyewe. Jumapili anatimiza mwezi. Nyabwire anakuja kutoka Butiama na ile mbeleko, ameitunza miaka yote. Magesa ameniambia, "Baba, nitaapa kwa uhai wako. Wewe uliapa kwa mama ukashika, mimi ni nani nishindwe?"

Nikimwambia ukweli, kwa hesabu ya kwetu nitakuwa namwambia mimi ndiye niliyemmaliza mama yake. Kutoka hapo ataenda moja kwa moja kilabuni, na Nyabwire hatanisalimia tena. Nikinyamaza akaapa, mimi nina presha na sukari, daktari ameshanionya. Siogopi kufa. Naogopa Magesa ateleze siku moja tu, kama tunavyotelezaga wote, halafu mimi nife kwa presha yangu, na yeye abebe nilichobeba mimi. Nawaambieni, hakibebeki. Miaka yote hii uji wa mtama nikiunywa siumalizi.

Jana nilijaribu kukwepa. Nikamwambia, "Mwanangu, achana na mambo ya mbeleko, apa kwa Mungu inatosha." Akacheka kidogo, akanishika bega.

"Mungu hafi, baba."

Jumapili ni keshokutwa. Mnaonisoma, hasa mliowahi kuacha pombe, niambieni la kufanya kabla Nyabwire hajapanda gari.