Bei Haina Macho

Nakumbuka asubuhi moja wakati wa vita vya Kagera, mwanangu, niliposimama na mama yangu kwenye foleni ya duka la kijiji chetu, huko Kasulo. Nilikuwa darasa la nne. Serikali ilikuwa imeagiza sembe iuzwe kwa bei ndogo nchi nzima, kwa mwenye nacho na asiye nacho sawasawa. Lakini malori mengi yalikwenda vitani, na unga ulifika kwa nadra. Nyumbani ghala letu lilijaa mtama. Sembe tuliifuata kwa weupe wake tu, maana shuleni wenzangu waliuita ugali wetu wa mtama "udongo wa kichuguu".

Ikafika zamu yetu. Muuza duka akakung'uta gunia.

"Mama, una bahati. Huu ndio wa mwisho."

Nyuma yetu alisimama Mama Yuliana, aliyekimbia kutoka Burundi na kupewa shamba ambalo bado lilikuwa pori. Mtoto mgongoni mwake alikuwa ameacha kulia. Nilikuja kujua ukubwani kwamba mtoto mwenye njaa akinyamaza, hapo ndipo pa kuogopa.

Bibi yangu, aliyeketi kwenye kibaraza cha duka akitungoja, akaita: "Binti yangu, ghala letu limevuja?"

"Hapana, mama."

"Panya wameingia?"

"Hapana."

"Basi hapo mbele unatafuta nini?"

Watu wakacheka. Muuza duka akamtetea mama: "Bibi, bei ya serikali haichagui mtu."

"Najua, mwanangu. Bei haina macho. Ndiyo maana sisi tukapewa."

Mama akasogea kando. Mama Yuliana akaupokea unga kwa mikono miwili. "Urakoze cane," akanong'ona, ndiyo asante ya kwao.

Nililia njia nzima kwa ajili ya ule weupe. Jioni bibi akanituma nimpelekee Mama Yuliana jembe na mbegu za mtama. Kwa ujeuri wa mwanafunzi nikasema: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Ule unga ulikuwa wa nini?"

Akanipangusa machozi kwa ncha ya kitenge chake. "Jembe halitafunwi, mjukuu wangu. Naye atatafuna nini mpaka jembe lizae?"

Chuoni nilisoma mengi kuhusu chakula cha bei nafuu. Sijasoma lililoipita kauli hiyo. Hata hivyo, majirani zetu kadhaa walizoea sembe rahisi, mashamba yao yakamea magugu. Lori lilipokosa kuja, walifika kwetu na vikapu vitupu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, hata nduguye akiwa serikali.

Kwa hiyo, mwanangu, usiibeze sheria inayomshushia mnyonge bei ya unga. Mtoto yule wa mgongoni leo analima mtama wake Nyakisasa. Ila usichukue zamu ya mwenye njaa kwa kuwa bei imekuruhusu, wala usiache mbegu zako zioze kwa kuwa duka li karibu.

Mungu akujalie ghala lisilovuja, na shingo nyepesi ya kugeuka kumtazama aliye nyuma yako.