Mashine ya Kijivu Haikuona Kitu

Kazi yangu ni kutunga hadithi, kwa hiyo najua uongo unavyofumwa. Niaminini basi ninaposema hili sikulitunga. Ningelitunga mimi ningeliweka usiku, nikaongeza mbalamwezi na bundi. Lilitokea mchana, jua likiwa utosini, kwenye maji ya Kajaga, ufukwe ulio kando ya Bujumbura, na tulikuwa katika shughuli isiyo na miujiza hata chembe. Tulikuwa tunachagua mashine ya kutafutia samaki.

Ziwa letu wakati huo lilikuwa limenyang'anywa usiku wake. Zamani, kabla ya vita, wavuvi walitoka jioni na taa zao, na ukisimama ufukweni ungedhani Bujumbura ya pili imejengwa juu ya maji. Ndagala, dagaa wetu, hupenda mwanga. Unawasha taa, wanapanda wenyewe, na samaki wakubwa, mukeke, wanakuja nyuma yao kuwala. Vita vikaleta amri: hakuna taa ziwani, hakuna boti majini baada ya magharibi. Ukionekana unapigwa risasi, na hakuna atakayekuuliza kwanza kama wewe ni mvuvi au mwasi.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa injini kule mtaa wa Buyenzi, Mwislamu wa mji, mwenye boti moja ndogo na vinywa vingi vya kulisha. Mchana samaki hushuka chini sana. Unatupa wavu kama mtu anayebahatisha jina la mgeni. Alikuwa ameanza kusema ataipasua boti awe na kuni. Kisha akasikia kwamba kuna mashine inayoona samaki walipo, hata mchana, hata chini kabisa.

Aliyekuwa nazo ni mfanyabiashara kutoka Uvira tuliyemwita Papa Motere. Alivuka mpaka na mbili, na alikuwa anarudi kesho yake. Moja ilikuwa mpya, nyeusi, kioo chake kinang'aa, na ilipoona samaki ililia kama saa ya mkononi. Ya pili ilikuwa ya kijivu, imekwaruzwa, kimya kama mlinzi wa zamu. Kila moja ilikuwa na jicho lake, kipande cha plastiki kwenye waya, ambacho unakining'iniza majini kando ya boti.

"Inaona aje samaki?" mjomba aliuliza.

"Haioni nyama, mujomba," alijibu Papa Motere. "Inaona hewa. Samaki ana kafuko ka hewa mu tumbo. Hata we ukizama itakuona, una hewa mu kifua. Na we una mingi, unasema sana!"

Tulicheka. Papa Motere akaturuhusu kwenda nazo majini zote mbili, yeye akabaki ufukweni na chupa yake ya bia. Mzaha wake ulimpa mjomba wazo: tutazipima kwa mtu.

Tukasogea mpaka mahali penye kina, si mbali na matete ya mdomo wa mto Rusizi. Nikaunganisha mashine kwenye betri ya gari. Mjomba akavua shati, akasema bismillahi, akapiga mbizi chini ya boti. Mashine nyeusi ikalia na kumchora samaki mzima, mwenye mkia na mapezi. Ile ya kijivu ikachora upinde mmoja mnene, kama ukucha. Zote zimemwona. Sasa unachaguaje?

"Tena," alisema mjomba alipopanda, anahema, ameshika sikio. "Lakini si mi. Sikio linapasuka. We ingia."

Mimi? Nimekulia mji wa ziwa na maji yakinifika kiunoni naanza kusali. Nikakataa. Akaniita mke wa sultani. Ndipo tukamwona yule mtu.

Alikuwa amesimama kwenye matete, maji kifuani, amevaa shati jeupe la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, kama karani anayesubiri ofisi ifunguliwe. Sikumwona akija. Lakini niambie, vitani nani alimwona mtu akija? Watu walitokea tu.

"Munatafuta nini?" alituuliza kwa upole.

"Tunatafuta mutu!" mjomba alimjibu. "Mutu wa kuzama, tupime mashini. We unajua kuogelea?"

"Kuogelea, apana. Kuzama, najua."

Mjomba alicheka hadi boti ikayumba. Mimi pia nilicheka, na leo ninajuta kicheko kile. Tulimpandisha. Alisema anaitwa Melkiori, nyumbani kwake ni Buterere, nasi tukamwambia tunatoka Buyenzi. Mkono wake ulikuwa baridi, lakini mtu anayetoka majini mkono wake uweje? Tukarudi penye kina, akashuka bila kuvua shati, bila kuvuta pumzi kwanza, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake.

Mashine nyeusi ikalia. Samaki mkubwa, mkia na mapezi.

Ya kijivu ikachora sakafu ya ziwa, mstari mzito, na juu ya mstari ule hapakuwa na kitu. Nikaipiga kibao. Nikalitikisa jicho lake. Hakuna kitu. Nilichungulia majini na nikaliona shati jeupe kwa macho yangu mwenyewe, likipepea taratibu chini yetu kabisa, pale pale jicho lilipoelekezwa. Muda ukapita. Mjomba akaacha kutabasamu, akaanza kuvua kandambili ili amfuate. Wakati huo yule mtu akaibuka na kushika ubavu wa boti. Hakuhema. Tulimsifu kwa mapafu yake.

"Imeniona?" aliuliza.

"Hii nyeusi imekuona vizuri! Samaki mukubwa! Hii ingine ni mabati tu."

"Kweli imeniona?"

"Nakwambia imekuona."

"We apa."

Sasa hapo mtu mwenye busara angejiuliza, mtu mzima anataka kiapo cha nini kwa jambo kama hili? Lakini mjomba alikuwa na furaha, alikuwa amepata mashine yake, boti haitapasuliwa kuni. Akaapa. "Wallahi, imekuona."

Melkiori alicheka. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifunguka namna ile, kama dirisha la nyumba iliyofungwa mwaka mzima. "Basi naweza kurudi kwangu," alisema. Tukamshusha ufukweni. Akatushukuru mmoja mmoja kwa mikono miwili, akashika njia ya Buterere, nguo zikichuruzika. Tukamlipa Papa Motere bei ya ile nyeusi, tukamrudishia mashine ya kijivu na kumtania kwamba anauza mabati. Alishangaa kidogo, akasema ile haijawahi kumdanganya, kisha akaifunga kwenye gunia lake.

Kesho yake mjomba akaenda ziwani na mashine nyeusi. Ilionyesha samaki kila mahali. Wavu ulitoka mtupu. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu hakwenda. Aliileta kwenye karakana yetu, akaiweka juu ya benchi la kazi katikati ya spana na pistoni, akaniita niangalie kama waya umekatika. Nikaiwasha. Jicho lake lilikuwa linaning'inia hewani, kavu, juu ya sakafu ya saruji.

Ikalia. Samaki akapita. Wakafuata wawili. Halafu mkubwa, mwenye mkia na mapezi.

Tulitazamana. Samaki walikuwa wanaogelea karakanani, Buyenzi, juu ya mafuta machafu ya gari. Pembeni mwa kioo kulikuwa na neno dogo la Kifaransa, *démonstration*. Tuliliona tangu siku ya kwanza, tukadhani ni jina la mashine. Kumbe ilikuwa imewekwa katika hali ya kuonyesha wateja dukani. Haikuwahi kuona chochote. Ilikuwa inaota.

Nilimwambia mjomba, polepole: "Kwa hiyo ya kijivu ndiyo ilikuwa nzima. Wewe ilikuona. Na yule..."

"Nyamaza."

"Inaona hewa, mjomba. Yule hakuwa na..."

"Nimesema nyamaza!"

Hapo ndipo mlangoni kukasimama mwanamke. Naapa, wino huu usikauke kama naongeza neno. Alikuwa amefunga kitenge kifuani, miguu ina tope la mashamba ya mpunga.

"Ni nyinyi wenye mashini ya samaki?" aliuliza. "Naitwa Spesiose. Natoka Buterere. Bwana yangu ni Melkiori."

Mjomba akakaa juu ya tairi.

Mumewe, alisema, watu wenye silaha walimchukua njiani akitoka kazini na kumtupa Rusizi. Mdogo wake alikuwa amejificha, akaona kila kitu. Mwili haukupatikana. Spesiose alimlilia bila kaburi, na mwaka ulipotimia wakafanya kuganduka, wakanywa pombe ya kumaliza kilio, akavua nguo za msiba. Na siku ile ile tuliyomshusha ufukweni, jua likizama, mtu akabisha hodi kwa sauti anayoijua.

"Nilimwambia, we ulikufa. Akasema apana, niko muzima, watu ba Buyenzi waliniona mu mashini. Mwenye boti aliapa." Alimtazama mjomba bila hasira. "Hakuli. Mukeka wake unalowa maji kila asubuhi. Hayo nitavumilia, ni bwana yangu. Lakini mutoto wetu mudogo anamupenda, analala ku kifua chake. Na mutoto ameanza kupumua kidogo. Kidogo kidogo, kama mutu anasahau. Nimemubembeleza aende. Anasema, waliniapia. Tafazali, baba. We uliapa, we ukamwambie."

Wewe ungefanya nini? Mjomba alinyanyuka. Alibeba betri. Mimi nilibeba mashine, tukamfuata hadi Buterere.

Melkiori alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya chumba, shati lake jeupe limefungwa mpaka shingoni. Chini ya kigoda udongo ulikuwa umelowa. Mtoto alikuwa mapajani mwake, macho nusu, midomo rangi ya majivu. Nilihesabu moyoni nikisubiri kifua chake kidogo kiinuke, nikaacha kuhesabu kwa hofu.

"Ah, ba bosi wangu!" alisema, akafurahi. "Karibuni. Spesi, wape viti."

Mjomba hakukaa. Alipiga magoti, akaiweka mashine sakafuni, jicho lake juu ya udongo, akaiwasha. Ikalia. Samaki wakaanza kupita. Melkiori aliinama kutazama. Aliwatazama kwa muda mrefu, mmoja baada ya mwingine, wakipita katika nyumba yake.

"Samaki mu nyumba yangu," alisema.

"Mashini hii ni ya uongo, ndugu yangu," mjomba alisema, na machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye ndevu. "Niliapa bila kujua. Unisamehe."

"Na ile ingine? Ya kijivu?"

"Ile ilikuwa nzima."

"Haikuona kitu?"

"Haikuona kitu."

"Kabisa?"

"Kabisa, Melkiori."

Hakupiga kelele. Nilitamani apige kelele. Uso ule uliofunguka ziwani niliuona ukifungwa taratibu, kama dirisha linalofungwa na mtu mwenye adabu. Akamwinua mtoto kwa ncha za vidole, kama unavyoshika kitu cha moto, akampa mama yake.

"Spesi. Kilio mulimaliza?"

"Tulimaliza."

"Watu walikuja?"

"Walikuja wengi. Pombe ilipungua."

"Vizuri," alisema, na akatabasamu kwa hilo. Akapita katikati yetu akatoka kwa mlango wa nyuma. Mchana ule ule, jua lile lile. Mpunga ulikuwa mrefu, ukamfunika kiunoni, kisha kifuani, tukaliona shati jeupe likielekea upande wa mto, na mabua yakifungua njia mbele yake. Halafu mabua yakatulia. Hatukuona alipoanguka wala alipokwenda. Nyuma yetu mtoto alivuta pumzi moja ndefu, yenye sauti ya kitambaa kinachochanika, akalia kwa nguvu zote. Mama yake alikaa chini pale pale kwenye tope na kulia naye.

Mjomba alifunga saumu, kafara ya kiapo kile, na tangu siku ile hajaapa tena, hata sokoni, hata anapoitwa mwongo. Mashine nyeusi aliivunja kwa nyundo. Boti haikupasuliwa: aliivusha mpaka Uvira, akamsaka Papa Motere na kuichukua ile ya kijivu, na ndiyo iliyotulisha mpaka taa ziliporudi ziwani. Mimi sikupata dawa. Katika umati, kwenye foleni, nikisikia mtu nyuma yangu akiuliza "Umeniona?", siwezi kujibu kabla sijatazama kifua chake.

Wewe unayesoma, kama unanunua mashine ya samaki, iwashe kwanza ikiwa kavu. Ikikuonyesha samaki, iache hapo hapo, hata kama ni nzuri. Na ikikwambia hakuna kitu mahali unapomwona mtu kwa macho yako, usiipige kibao. Washa injini uondoke. Na yule mtu akikuuliza swali lake, nakuomba, kwa ajili ya watoto wa nyumba usiyoijua njia yake, usimjibu kwa kutaka tu afurahi.